Mzee ameniandikia kuwa mimi ni "nice": je, amenisifu au amenitukana?

"Mwalimu, shikamoo. Nimefanya kazi ya mapokezi katika nyumba ya wageni hapa Tanga kwa miaka sita, na sasa ninaomba kazi katika hoteli huko Muscat. Mwajiri wangu wa zamani, mzee wa Kiingereza aliyekwisha kustaafu, ameniandikia barua ya mapendekezo. Neno 'nice' limo mara mbili: kwanza ameandika kuwa mimi ni 'a nice person', halafu akasema nina 'a nice judgement in money matters'. Nilifurahi. Lakini mtoto wa dada yangu, anayesoma seminari na kufundishwa Kilatini, alipoisoma alicheka akasema, 'Mama mdogo, umeitwa mjinga, tena mara mbili.' Akanionyesha kamusi yenye maelezo hayo, kwa hiyo siwezi kusema anabuni. Niitumie barua hii au niirudishe? Na ikihitaji kutafsiriwa, neno hilo liandikwe vipi kwa Kiswahili?"

Marahaba, dada yangu. Nianze na hilo linalokunyima usingizi: hukutukanwa. Barua unaweza kuitumia, ingawa nitakushauri uiombee marekebisho madogo, kwa sababu nyingine kabisa na hiyo aliyokupa kijana wako. Katika swali lako mambo mawili yamefungwa kitita kimoja, nayo ni vyema yafunguliwe kila moja kwa wakati wake: neno limetoka wapi, na mzee alikusudia nini alipoliandika. Kwa la kwanza kijana yuko sahihi. Kwa la pili amepotea, na sehemu aliyopotea zaidi ni ile "nice" ya pili, ambayo kwa maoni yangu ndiyo sentensi nzuri kuliko zote ulizoninukulia.

Neno hilo, ambalo wengi wetu hulitamka "naisi", linatokana na neno la Kilatini "nescius", yaani asiyejua. Ukilipasua unapata vipande viwili: "ne", ambacho hukanusha, na "scire", kitenzi cha kujua. Kitenzi hicho ndicho kilichozaa "scientia", ambayo Waingereza waliipokea kupitia Kifaransa na sisi tukaipata kwa sura ya "sayansi". Kwa nasaba, basi, "nice" ni ndugu yake sayansi, yule aliyekataa kwenda shule. Kilatini cha mitaani kilipogeuka polepole kuwa Kifaransa, neno likafupika, likawa linasemwa juu ya mtu mjinga, mzembe au mwenye akili pungufu. Wanormani, watu wa kaskazini mwa Ufaransa, waliivamia Uingereza mwaka 1066, na kwa muda mrefu baada ya hapo Kifaransa kikawa lugha ya mahakama na ya makabaila wa nchi ile. Kwa mlango huo maneno mengi yaliingia katika Kiingereza, na hili linaonekana katika maandishi yake yapata mwaka 1300. Geoffrey Chaucer, mshairi aliyefariki mwaka 1400, alilitumia kwa maana ya upumbavu. Laiti mzee wako angekuwa ameandika enzi za Chaucer, kijana angekuwa na haki ya kucheka. Hata leo Mhispania akikuita "necio", neno lililotoka katika tumbo lile lile la "nescius", amekutukana kwelikweli.

Kosa la kijana linaanzia pale anapodhani kwamba neno hubeba asili yake daima, kama mtu abebavyo kovu la chanjo begani. Dhana hii ni ya kawaida sana, na huwakamata zaidi watu wanaopenda kusoma, kwa hiyo usimkemee. Anafungua kamusi, anaona maana ya kwanza kabisa, anahisi amegundua siri ambayo wasemaji wa kila siku wameisahau, na anahitimisha kuwa maana hiyo ya kale ndiyo ya kweli. Kumbe maana ya neno ni makubaliano ya watu wanaolitumia kwa wakati fulani, na makubaliano hayo hubadilika bila kikao. Mwambie aangalie neno nililolitumia hapo juu, "makabaila". Asili yake ni Kiarabu, ambako "qabila" ni kabila. Katika Kiswahili cha zamani kabaila alikuwa mtu wa ukoo wa heshima, na kuitwa hivyo ilikuwa sifa. Likaja Azimio la Arusha mwaka 1967, lililosema kuwa nchi ya kijamaa haina ubepari wala ukabaila, na kwa kizazi kilichokulia katika siasa hiyo kabaila akawa mwenye ardhi anayeishi kwa jasho la wenzake. Bepari naye alikuwa mfanyabiashara tu katika lugha za Bara Hindi zilikotoka jahazi na mizigo, kabla hajawa adui wa wakulima na wafanyakazi. Leo ukimwita jirani yako kabaila kisha ukajitetea kwamba ulikusudia ukoo wake wa heshima, hatakuelewa, na hataona haja ya kukuelewa.

Lakini kabaila na bepari walishuka. "Nice" ilipanda, na kupanda kwake kunastaajabisha zaidi kwa sababu ilianzia shimoni. Ilipitaje? Hatua zenyewe ni fupi fupi, kila moja ikiwa na mantiki yake. Mpumbavu hana kiasi, kwa hiyo katika karne ya 14 na ya 15 neno lilianza kusemwa juu ya watu wenye mavazi ya kujionyesha na mwenendo wa anasa. Mtu wa anasa naye hudeka: hali chakula hiki, hagusi kitambaa kile, jambo dogo humkera. Neno likahamia kwa mtu mwenye kuchagua chagua. Sasa, mtu wa kuchagua chagua, pamoja na kero yake yote, ana jicho. Anaona tofauti kati ya vitu viwili ambavyo mimi na wewe tungesema ni sawa. Hivyo kufikia karne ya 16 "nice" ilikwisha kuwa na maana ya makini, ya kupambanua vitu vinavyokaribiana, ya usahihi wa unywele. Na kitu kilichofanywa kwa usahihi wa namna hiyo, kama mshono usioonekana au kitoweo kilichoungwa bila chumvi kuzidi, hupendeza. Katika nusu ya pili ya karne ya 18 maana ya kupendeza inaonekana wazi katika maandishi, na katika karne ya 19 ikaongezeka ile ya mtu mwema, mkarimu, mwenye kuwajali wengine. Safari ya miaka mia tano, kutoka mjinga hadi mwema, na hakuna mahali ambapo msemaji aliruka zaidi ya hatua moja.

Kwa nini hatua hizo huwezekana? Kwa sababu msikilizaji hapewi kamusi, anapewa sentensi. Anasikia neno likisemwa juu ya mtu aliyevaa hariri na kukataa mkate mkavu, na lazima akisie ni kipi kati ya hayo kinachotajwa: upumbavu wake, anasa yake au kuchagua kwake. Wengi wakikisia vile vile, wao nao wakalitumia hivyo, makisio yamekuwa maana. Hili unaweza kuliona likitendeka huko huko Tanga. Pita kwenye kijiwe cha bodaboda jioni ya siku yenye mechi, usikilize. "Yule winga ni hatari." "Alipiga goli kali." Hakuna aliyeumia na hakuna aliyekasirika, kali na hatari ni sifa. Mtoto wa darasa la nne hana shida nazo, ingawa bibi yake anaweza kuuliza ni hatari gani hiyo. Na maana za zamani hazikufukuzwa, kwa kuwa mtoto huyo huyo akiona bango la hatari kwenye transfoma anajua hapaswi kusogea. Maana mbili hukaa nyumba moja, na kinachotuambia ni ipi imefungua mlango ni maneno yaliyo jirani.

Wakati mwingine neno hupita barabara hiyo hiyo likielekea kinyume. Kijana wako akitaka mfano wa kumfurahisha, na atafute "silly", ambalo leo Waingereza hulisema kwa mtu mwenye upuuzi. Katika Kiingereza cha kale lilikuwa "saelig", lenye maana ya heri na baraka, na ndugu yake wa Kijerumani, "selig", bado husemwa juu ya waliobarikiwa. Mwenye heri alionekana kuwa hana hatia, asiye na hatia akaonekana dhaifu wa kuhurumiwa, na dhaifu akaonekana hana akili. Kwa hiyo maneno haya mawili yalipishana njiani: mjinga akipanda kuelekea kwa mwema, mbarikiwa akishuka kuelekea kwa mpuuzi. Si ajabu sana ukikumbuka jinsi sisi wenyewe tunavyosema fulani ni mpole, kisha sauti ikashuka kidogo, na kila aliyepo akaelewa kuwa anaongelewa mtu anayedanganyika.

Kuna mfano mmoja unaohusu barua, nami siwezi kuupita. Katika tamthilia ya Romeo na Juliet, iliyoandikwa na Shakespeare katika miaka ya 1590, mtawa Laurence anatuma barua ya kumweleza Romeo kwamba Juliet hajafa bali amelazwa kwa dawa. Mtawa mwenzake aliyepewa barua anafungiwa ndani ya nyumba kwa hofu ya tauni, na barua inarudi ilikotoka. Laurence anaposikia hayo anasikitika kwamba barua ile haikuwa "nice", ilibeba mambo mazito. Msomaji wa leo anashtuka: kwani barua isiyo "nice" ni barua mbaya? La. Hapo neno lina maana ya jambo dogo, lisilo na uzito, tawi lingine la mti ule ule ambalo limekwisha kukauka. Mtu mmoja angeweza kulisikia neno hilo katika maana nne tofauti ndani ya wiki moja mjini London, na akaelewana na wenzake bila taabu.

Tuje sasa kwenye barua yako. Ile "nice" ya kwanza, inayokutaja wewe kama mtu, ni ya maana ya leo: mtu mwema, wa kupendeza kukaa naye, asiye na makuu. Ya pili si hiyo. Mzee hakusema kwamba maamuzi yako ya fedha yanapendeza, maana uamuzi wa fedha haupendezi wala hauchukizi kama ua. Amelitumia neno katika ile maana ya kati, ya usahihi na upambanuzi, ambayo katika Kiingereza cha maandishi bado inaishi inapoandamana na maneno ya aina fulani: hukumu, tofauti, hoja, mizani. Mwanasheria Mwingereza akiita hoja "a nice point", anasema kwamba ni nyembamba na inahitaji akili kali kuitatua, hata kama haimpendezi hata kidogo. Kitu kikifanywa "to a nicety" kimefanywa barabara, bila kuzidi wala kupungua. Mzee wako, kwa umri wake na kwa jinsi alivyoipanga sentensi, amesema kwamba una jicho pevu katika mambo ya fedha, kwamba unaona pale ambapo mwingine angepita. Kwa mtu wa mapokezi, anayepokea malipo ya shilingi na ya dola kwenye kaunta moja huku wageni wanasubiri teksi, sijui sifa gani ingezidi hiyo. Ukiipima kwa njia ambayo neno limeipita, hii ndiyo "nice" iliyo mbali kabisa na ujinga: inasema kwamba unajua kile ambacho wengine hawakijui.

Tena sina budi kukueleza upande usio mtamu. Ile "nice" ya kwanza, ingawa si tusi, ni sifa nyepesi. Imetumika mno. Jane Austen alilitania jambo hili zamani: katika riwaya yake ya Northanger Abbey, iliyotoka mwishoni mwa mwaka 1817 baada ya kifo chake, msichana anamsifu mwandishi mmoja kwa kukiita kitabu chake "nice" kuliko vyote duniani, na kijana anayezungumza naye anamjibu kwamba bila shaka anamaanisha unadhifu, na unadhifu wa kitabu utategemea jalada lake. Anaendelea kumchokoza kwamba siku ni "nice", matembezi ni "nice", wasichana nao ni "nice", na neno moja limetosha kila kitu. Mia mbili na zaidi ya miaka imepita na hali ni ile ile. Kwa Kiswahili tunalo jibu linalokaribiana nalo sana. Ukimuuliza mtu kuhusu dereva aliyemwajiri akakujibu, "Hana neno," umejua kuwa haibi na hagombani, lakini hujajua kama anaendesha vizuri. Meneja wa hoteli anayesoma barua ishirini kwa asubuhi moja akikuta "a nice person", jicho lake litateleza.

Zaidi ya hayo, ile sifa nzito ya pili ina hatari yake. Muscat ni mji ambao barua yako inaweza kusomwa na mtu ambaye Kiingereza kwake ni lugha ya tatu, aliyejifunza "nice" katika ukurasa wa kwanza wa kitabu cha shule na hajawahi kukutana na ile maana ya usahihi. Atasoma "nice" mara ya pili, ataona mzee ameishiwa maneno, na sentensi bora ya barua itampita. Hiyo ndiyo sababu yangu ya kukushauri uombe marekebisho.

Kuirudisha barua kwa hasira hakutakusaidia, na kutamvunja moyo mtu aliyekutakia heri. Kuituma ilivyo kunawezekana, hasa kama siku ya mwisho ya maombi imekaribia, kwa kuwa haina kitu cha kukuaibisha. Ila kama una wiki moja au mbili, mpigie mzee simu, umshukuru, kisha umwambie ukweli kwamba huko iendako barua huenda neno hilo lisieleweke, na umwombe aeleze kwa matendo yale aliyoyaona. Umesema ulikuwa hapo miaka sita. Je, hesabu za kaunta yako zilikuwa zikifungwa kila jioni bila pungufu? Uliwahi kugundua noti bandia, au bili iliyotozwa mara mbili? Mkumbushe, na kama ni kweli ataandika. Usiiguse barua kwa mkono wako mwenyewe, hata kwa kubadilisha neno moja ambalo una hakika angelikubali. Barua ya mapendekezo iliyorekebishwa na anayependekezwa ni ya kughushi, na mzee akipigiwa simu kutoka Muscat utakuwa na jambo la kujibu.

Kuhusu tafsiri, kosa la kukwepa ni kutumia neno moja mahali pote pawili kwa sababu tu Kiingereza kimelitumia mara mbili. Kwa "a nice person" ningeandika "mtu mwema na mwenye lugha nzuri kwa watu", au "mkarimu" kama barua nzima inaongelea jinsi ulivyowapokea wageni. "Mzuri" peke yake ningeliepuka, maana kwa mwanamke litasomwa kuwa ni sura, na "mpole" nimekwisha kukuambia kasoro yake. Kwa sentensi ya pili ningeandika: "ana upambanuzi makini katika masuala ya fedha." Huko mitaani tungetafsiri "nice" kwa "safi", na kwa kweli maneno hayo mawili yanafanana mwendo, kwa kuwa safi nayo ilianza kwa kitu kisicho na uchafu na sasa hujibu hata swali la hali yako, lakini barua rasmi haivumilii hilo.

Haya yote nimeyasema kwa kuona vipande viwili tu vya barua. Kama sehemu iliyobaki ni fupi, baridi, au imekwepa kutaja kazi yako, basi uzito wa "nice" unaweza kubadilika, kwa sababu Mwingereza naye hujua kusifu kidogo ili asiseme kingi. Mpelekee mtu anayekijua Kiingereza cha ofisini, akae nawe aisome kuanzia salamu hadi sahihi. Na ikiwa ofisi yoyote itadai tafsiri iliyothibitishwa, usikubali kufanyiwa na rafiki wala na kijana wa seminari: BAKITA, yaani Baraza la Kiswahili la Taifa, hutoa huduma ya tafsiri, na kama wanaotakiwa kuisoma wanataka Kiarabu, waulize kwanza waajiri wako ni mfasiri gani wanayemtambua kabla hujalipa. Ukienda, chukua barua yenyewe na umwonyeshe mfasiri kwa kidole ile "nice" ya pili, umweleze kuwa hapo neno linahusu usahihi, kwa sababu hata mfasiri mzoefu, mwenye mafaili mengi mezani, anaweza kuipita.